Je, Wajua? Benzi, Jeki na Mchanga wa Sudi

Je, wajua kwamba kuna Benzi inayoweza kukubana vidole ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako? Ni E-Class ya umbo la W211, ile yenye taa nne za mviringo, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2006 ikiwa na breki za SBC. Ukikanyaga pedeli ya gari hilo, mguu hausukumi oili moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu. Unaipa kompyuta taarifa tu, na pampu ya umeme ndiyo inayofanya kazi. Pampu hiyo huamka mlango ukifunguliwa. Basi fikiria umeshatoa tairi, umechomoa pedi za zamani, mkono uko ndani ya kalipa, halafu mtoto wa shemeji anafungua mlango wa nyuma kutafuta chaja. Pistoni zinatoka kwa presha inayozidi ile ya hewa ya kawaida zaidi ya mara 100. Kuchomoa betri hakutoshi kukulinda, maana presha inabaki imehifadhiwa ndani. Mfumo unazimwa kwanza kwa mashine ya kupimia, ndipo spana inaguswa. Mei 2004 Mercedes-Benz iliyarudisha gereji magari yapatayo 680,000 kwa ajili ya breki hizo hizo, na mwaka 2006 ikaziondoa kwenye E-Class. Yaliyokwishauzwa yanaendelea kutembea.

Wenye Crown, Harrier na Prius za haibridi msicheke. Breki zenu ni za ukoo huo huo, nazo zina pampu inayojiamsha.

Je, wajua kwamba Harrier ya vizazi viwili vya kwanza, hata ile iliyobatizwa tako la nyani, huko Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus RX? Ndiyo maana breki pedi iliyoandikwa Lexus kwenye boksi inaweza kukaa kwenye Harrier yako bila ugomvi, mradi mwaka na injini vinalingana. Muuza spea anayekutoza zaidi kwa sababu ya nembo anakuuzia karatasi ya boksi.

Je, wajua kwamba oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani? Hapa ndipo pwani inapotuadhibu kuliko Dodoma. Gari likikaa Sudi, mkoani Lindi, mita chache kutoka ghubani, unyevu hupenya kidogo kidogo kupitia mfuniko wa tangi na hata kwenye mipira ya breki. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishapata maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Tatizo hulioni ukiwa mtaani. Utaliona ukiwa unateremka uwanda wa juu wa Rondo na abiria watano, mguu juu ya breki kilometa nzima, diski zimepata moto. Maji yaliyomo kwenye oili yanageuka mvuke. Mvuke unabanika, oili haibaniki, na pedeli inazama hadi kwenye kapeti. Ukiwahi kuinua mguu na kushusha gia, breki inaweza kurudi baada ya kupoa, na fundi atakuambia hakuona kasoro yoyote. BMW na Mercedes huagiza oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka 2, gari litembee lisitembee. Watu wengi nchini wanaibadilisha siku masta silinda inapokufa.

Kwa hiyo lile kopo la breki fluidi lililofunguliwa mwaka juzi na kuwekwa stoo si akiba. Litupe.

Na kama kopo limeandikwa DOT 5 bila ile nukta moja mbele yake, lirudishe dukani. DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na yoyote kati ya hizo, na haifai kwa gari lililotoka kiwandani na ABS.

Je, wajua kwamba tone la oili ya injini kwenye tangi la breki linaweza kuua mfumo mzima? Mipira ya ndani imetengenezwa kuvumilia breki fluidi. Ikikutana na mafuta ya petroli, oili ya injini, ya gia au ya stelingi, inavimba na kulainika. Anayeongezea "oili kidogo tu tufike Lindi" anajinunulia masta silinda, kalipa nne, na kama ni gari la kifahari, pampu ya ABS ambayo bei yake sitaki kuitaja mbele ya wenye shinikizo la damu. Ukikosa kabisa breki fluidi, lala Sudi. Samaki wapo.

Upande wa pili, breki fluidi ikimwagikia bodi hula rangi. Imwagie maji mengi hapo hapo, kwa sababu inayeyuka ndani ya maji.

Je, wajua gurudumu lipi linaanza kutolewa upepo? Vitabu na video nyingi zinatoka nchi zenye usukani wa kushoto, zinasema nyuma kulia. Kwetu masta silinda iko upande wa kulia mbele ya dereva, kwa hiyo gurudumu la mbali zaidi kwa magari mengi ni nyuma kushoto. Kitabu cha gari lenyewe kikisema tofauti, fuata kitabu. Na upepo ukishaingia kwenye pampu ya ABS, miguu ya kukanyaga na chupa ya maji yenye mpira havitoshi. Hapo ndipo mwenye gari mwerevu anaacha na kumpigia fundi mwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba aliyebuni breki ya kuvishwa ngozi alikuwa mke aliyeondoka na gari bila kumwambia mumewe? Agosti 1888, Bertha Benz alitoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilometa 100. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Waya uliochubuka akaukinga kwa ukanda wa soksi. Mafuta aliyanunua duka la dawa mjini Wiesloch. Breki za mbao zilipokwisha kwa miteremko, alimtafuta fundi viatu akazipigilia ngozi.

Tuhamie kwenye oili ya injini, ambako mambo ni mepesi zaidi, na ambako sioni kwa nini mtu mwenye mikono miwili aende gereji.

Je, wajua kwamba BMW nyingi za baada ya 2005 hazina stiki ya kupimia oili? Unapima kwa deshibodi, injini ikiwa ya moto, gari likiwa tambarare. Ukipima kwenye mteremko wa nyumba ya bibi, kompyuta itakudanganya kwa adabu zote. Wingi nao usibahatishwe: IST inakunywa lita 3.7, BMW yenye injini ya N52 inataka 6.5, Benzi ya V6 ya M112 inataka lita 8. Mwenye dumu la lita 4 aliyezoea IST anaweza kuitembeza Benzi ikiwa na nusu ya oili huku akidhani amefanya sevisi. Oili ikizidi nayo ni hatari, kwani inapigwa na shafti na kugeuka povu.

Benzi hizo hizo zina raha moja: oili inaweza kunyonywa kwa pampu ya mkono kupitia bomba la stiki, na filta iko juu. Unafanya sevisi umesimama, huna haja ya kuingia uvunguni.

Je, wajua kwamba namba ya muhimu kwenye dumu si 5W-30 peke yake? Tafuta maandishi madogo nyuma: MB 229.5 kwa Benzi nyingi, LL-01 kwa BMW nyingi za petroli. Hicho ni kibali cha kiwanda. Dumu la bei nafuu lenye kibali halisi linalishinda dumu la bei kali lenye picha ya gari la mashindano. Ila zile kilometa 15,000 na zaidi kati ya sevisi zilipangiwa barabara za Ulaya. Kwa vumbi na safari fupi fupi za Lindi, ningemwaga kila kilometa 7,500 bila kumsikiliza mtu.

Je, wajua kwamba bloku ya N52 imetengenezwa kwa alumini iliyozungushiwa magnesi, na bolti zake nyingi za alumini hutumika mara moja tu? Nati ya kumwagia oili kwenye magari haya inakazwa kwa nguvu ya Nm 25 hadi 30, yaani kiasi. Waliojifunza kwenye Fuso hukaza mpaka spana ilie, kisha sampu inapasuka uzi. Weka washa mpya kila mara. Ni kitu cha bei ya soda.

Je, wajua kwamba mbarika, mti wa nyonyo unaojiotea nyuma ya nyumba za Lindi, ulilainisha injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza? Injini za kuzunguka hazikupenda oili nyingine, kwa sababu mafuta ya nyonyo hayakuyeyuka ndani ya petroli. Hata breki nyingi za mwanzo za oili zilitumia mafuta hayo yaliyochanganywa na spiriti.

Je, wajua kwamba Sudi yenyewe imewahi kuwa gereji? Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilijipenyeza katika ghuba hii ikiwa imebeba mizinga na risasi za jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck. Mwezi uliofuata manowari ya Uingereza, Hyacinth, iliipiga makombora. Mabaharia waliziba matundu wenyewe, wakachomoka usiku wa Aprili na kufika Batavia, ambayo sasa ni Jakarta. Jeshi hilo, likiwa limekatiwa petroli, lilitengeneza mafuta ya gari kutokana na mbata na kuyaita Trebol.

Je, wajua kwamba gari lenye sasipensheni ya upepo, kama Range Rover au Benzi ya Airmatic, linaweza kushuka lenyewe ukiwa chini yake? Lizimie mfumo huo kwanza. Na kwenye mchanga jeki inazama, hivyo weka ubao mpana chini, kisha stendi mbili. Kichwa chako kisiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Je, wajua kwamba kutu nyekundu inayotokea kwenye diski baada ya usiku mmoja ufukweni si ugonjwa? Inafutika kwa breki tatu nne. Hatari ni gari lililoachwa wiki sita hendibreki ikiwa imevutwa. Pedi zinaganda. Lizuie gari kwa gogo, uiache hendibreki.

Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kusini ilikatika Somanga, Kilwa. Aliyewahi kupita kwenye maji marefu afungue mfuniko wa oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, usiwashe tena. Oili kuwa nyeusi peke yake si kosa, hasa kwenye dizeli.

Je, wajua oili chafu iende wapi? Wengi huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na wengine mashua, kazi iliyokuwa ya sifa, mafuta ya ini la papa. Vaa glovu, kwani oili iliyotumika si rafiki wa ngozi. Ila isimwagwe ufukweni. Mchu, ule mkoko unaochomoza vijiti vyembamba kutoka kwenye tope, hupumua kwa vijiti hivyo. Vikipakwa oili, matundu yanaziba na mti unakufa taratibu. Irudishe kwenye dumu lile lile ilikotoka mpya, uipeleke gereji inayokusanya.

Je, wajua kwamba ajali nyingine hutokea mita tano baada ya sevisi? Pistoni ikisukumwa nyuma ili pedi mpya ziingie, inabaki mbali na diski, na mkanyago wa kwanza unakwenda patupu. Kabla ya kuweka gia, kanyaga breki mpaka pedeli iwe ngumu, tazama tangi lisiwe limefurika, ndipo urudi nyuma kutoka chini ya mnazi. Kisha tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara kumi hivi bila kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane.