Kipunji na Jina Lake la Kitaalamu

Katika misitu ya Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, yuko kima mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mkia mrefu na shungi la manyoya utosini, ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na kumwita kipunji kabla wataalamu wa elimu ya viumbe hawajapata habari zake. Walakini katika daftari la ulimwengu hakuwamo hadi mwaka 2005, alipotangazwa kwa jina la Lophocebus kipunji.

Utaratibu wa majina mawili tumeurithi kwa Carl Linnaeus, tabibu na mwanachuoni wa Uswidi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1753 ndicho msingi wa majina ya mimea, na chapa ya kumi ya kitabu kingine, ya mwaka 1758, ndiyo msingi wa majina ya wanyama. Jina la kwanza, lianzalo kwa herufi kubwa, ni la jenasi, yaani ukoo; la pili huitambulisha spishi yenyewe; na ikiwa kiumbe mmoja amepewa majina mengi, aghalabu lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata kanuni ndilo lenye haki.

Fauka ya hayo, jina sharti lifungamane na kielelezo kimoja, ambacho kwa desturi ni mwili uliohifadhiwa katika makumbusho, ili mwenye shaka aurejee kama kadhi airejeavyo hati. Hapo ndipo ulipozuka mjadala, maana waliomtangaza kipunji, kwa kuchelea kumwua mnyama adimu namna ile, walitoa picha ya dume aliye hai, na baadhi ya wenzao wakateta. Mimi naona walitenda haki, kwani elimu impunguzayo kiumbe ili imwandike yajidhulumu yenyewe.

Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa mwili wake ukadhihirisha kwamba nasaba yake iko karibu zaidi na nyani kuliko na kima wa Lophocebus. Hivyo mwaka 2006 aliundiwa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai wa Afrika tangu mwaka 1923. Neno la Wanyakyusa halikuguswa, kwa kuwa kanuni hulilinda jina la spishi hata spishi ihamishwapo, na kima wa msitu wa Ndundulu, mbali huko katika milima ya Udzungwa, naye huandikwa kwa jina hilohilo.