Betri Nayo Hupumua

Toka Tanga hata Pangani wako mafundi wachajio betri za magari na za umeme wa jua. Usiku wengine hufunga madirisha kwa kuogopa wezi. Hapo ndipo penye hatari. Betri ya tindikali ikichajiwa hutoa haidrojeni, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hupanda darini. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua, na tindikali huruka machoni.

Basi, wezi wazuieni kwa nondo. Madirisha yaacheni wazi. Msiwashe kibatari. Zimeni chaja kabla ya kung'oa nyaya. Watoto wasilale humo. Tindikali ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi dakika 20, kisha hospitali upesi. Riziki ya baba isiwe msiba wa nyumba.