Usaili, Mchujo au Majaribio? Istilahi za Kuwateua Vijana kwa Tamthilia ya Nyimbo

Kikundi cha sanaa cha mtaa au cha kijiji kinapotaka kuandaa tamthilia ya nyimbo na vijana, kazi ya kwanza si kufundisha nyimbo wala kushona mavazi. Kazi ya kwanza ni kuwaita vijana, kuwasikiliza na kuwatazama, kisha kumpangia kila mmoja nafasi yake. Tendo hili lina majina mengi katika matangazo yetu. Wengine huliita usaili, wengine mchujo, wengine majaribio, na wako wanaosema odisheni. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo moja moja, kwa kuwa neno linaloandikwa katika tangazo ndilo linalomwambia kijana aje na nini, na akikosa nafasi ajihesabu vipi.

Tuanze na usaili. Neno hili latokana na kitenzi saili, chenye asili ya Kiarabu, yaani kuuliza maswali. Katika ofisi zetu limekwisha kupata mahali pake: mwombaji kazi huketi mbele ya jopo, akaulizwa, akajibu. Kijana asomaye kwamba kutakuwa na usaili ana haki ya kufika na vyeti vyake ndani ya bahasha, amevaa kama aendaye kuomba kazi, hali hakuandaa wimbo hata mmoja. Akiambiwa papo hapo aimbe na kucheza, atababaika, na wanaomtazama watadhani hana kipaji, kumbe alichokosa ni taarifa. Kosa hapo si la kijana bali ni la tangazo.

Mchujo nao una picha ya jikoni. Nazi iliyokunwa huchujwa. Tui likaingia chunguni, machicha yakatupwa. Katika mashindano ya kugombea kikombe picha hiyo haina ubaya, maana timu inayoshindwa hutoka kweli. Lakini kikundi cha jamii hakiendeshwi kwa hesabu hiyo. Kijana asiyeweza kuongoza wimbo aweza kuwa mwitikiaji hodari, mpiga ngoma, au mtunza mavazi. Kumwita kwenye mchujo ni kumtangazia mapema kwamba wako watakaohesabiwa kuwa machicha.

Ama odisheni, asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusikia. Sisi hatuna ugomvi na maneno ya mkopo. Redio, kwaya na filamu ni maneno yetu sasa. Hata hivyo, kukopa kunafaa zaidi pale ambapo lugha haina neno lake, nasi neno tunalo.

Neno hilo ni majaribio. Mchezaji wa mpira huenda kufanya majaribio katika klabu: huingia uwanjani, hucheza na wenzake, na kocha humtazama. Hapana mchezaji aendaye huko akidhani kwamba ataulizwa maswali tu. Maana hiyo ya kutenda huku ukitazamwa ndiyo hasa tunayoihitaji jukwaani. Ni kweli kwamba kuna jaribio la kisayansi na majaribio ya darasani. Kwa hiyo, ili kuondoa utata, tunapendekeza tangazo liseme kwa ukamilifu: majaribio ya uimbaji na uigizaji. Wala yasichanganywe na mazoezi. Majaribio hutangulia ugawaji wa nafasi, mazoezi hufuata.

Historia ya sanaa ya jamii katika Afrika Mashariki inatupa mfano mzuri. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, Kenya, wakulima na wafanyakazi waliandaa tamthilia ya Kikuyu iitwayo Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na yenye nyimbo na ngoma nyingi. Uteuzi wa waigizaji na mazoezi yake vilifanyika mahali pa wazi, wanakijiji wakitazama na kutoa maoni. Maonyesho yalipigwa marufuku na serikali mwaka huo huo, lakini funzo lake kwa mwanaistilahi limebaki: pale ambapo jamii nzima inatazama na kusahihisha, neno usaili, lenye jopo na mlango uliofungwa, halienei.

Yako maneno mengine mawili yanayopotosha matangazo. La kwanza ni wahusika. Mhusika ni mtu aliyemo katika hadithi. Mwigizaji ni yule anayemwonyesha jukwaani. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, Kinjeketile ni mhusika, naye kijana anayetamka maneno yake mbele ya watazamaji ni mwigizaji. Tangazo lisemalo "tunatafuta wahusika" linatafuta watu ambao mwandishi amekwisha kuwapata.

La pili ni vijana lenyewe. Katika Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007, kijana ni mtu wa umri kati ya miaka 15 na 35. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Basi kijana wa miaka 16 ni kijana katika sera na ni mtoto katika sheria. Mwenye kuandika tangazo hana budi kutaja umri kwa tarakimu, na kueleza kwamba walio chini ya miaka 18 waje na ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Majaribio: kumsikiliza na kumtazama mtu akiimba, akicheza na kuigiza, kabla ya kupangiwa nafasi.

Majaribio ya pili: kuitwa tena kwa baadhi ya waliojaribiwa, ili walinganishwe katika nafasi maalumu.

Ugawaji wa nafasi: kuamua nani ataigiza mhusika gani.

Kiongozi wa wimbo na waitikiaji: yule anayeanzisha wimbo jukwaani na wale wanaoupokea. Wachezaji ngoma wanayajua maneno haya tangu zamani.

Mwigizaji wa akiba: anayejifunza nafasi ya mwenzake ili aishike akipatwa na udhuru.

Waliopangiwa nafasi: wateule wa majaribio. Lisitumike "waliofaulu", maana huwafanya wengine kuwa "waliofeli", na jukwaa si chumba cha mtihani.

Tangazo lililo wazi laweza basi kusomeka hivi: "Vijana wa miaka 14 hadi 20 wanakaribishwa kwenye majaribio ya uimbaji na uigizaji. Kila mmoja aandae wimbo mmoja anaoupenda, na avae nguo zinazomruhusu kucheza. Walio chini ya miaka 18 waje na barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Wasiopangiwa nafasi ya kuigiza watakaribishwa katika kazi nyingine za kikundi." Tangazo hili halina neno gumu hata moja, na kijana akilisoma nyumbani anajua la kufanya kabla hajatoka mlangoni.

Huenda wako watakaosema kwamba haya ni madogo. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto wa miaka 14 aliyekusanya ujasiri wa kusimama na kuimba mbele ya wageni anastahili kuitwa kwa neno lisilomdanganya, na kuagwa kwa neno lisilomvunja moyo. Tunawaomba wafasiri, walimu na maafisa utamaduni wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni, hasa pale watakapoona kwamba lugha ya mahali pao ina neno bora kuliko haya.