Piano: Nyeusi, ya Mbao au Nyeupe?

Anayenunua piano huulizwa kabla hajaigusa: waitaka ya rangi gani? Swali hili si dogo. Piano si kiti, leo kiko barazani kesho chumbani. Yaweza kukaa nyumbani miaka hamsini, na wajukuu wakairithi pamoja na rangi yake.

Wengi leo hujibu: nyeusi. Imezoeleka hata hudhaniwa ndiyo asili yake. Hasha! Katika karne ya 19 majumba ya Uingereza na Marekani yalijaa piano za mahogani na za mjozi, mishipa ya ubao ikionekana waziwazi. Steinway ya 100,000, iliyopewa Ikulu ya Marekani mwaka 1903, ilifunikwa dhahabu. Na ya 300,000, iliyoipokea nafasi yake mwaka 1938, ni ya mahogani, miguu yake tai wa dhahabu. Weusi una manufaa yake kwa fundi, maana huficha ubao, wala hana haja ya kutafuta mbao zenye mishipa inayolingana. Jukwaani nako haugombani na suti ya mpigaji.

Baada ya rangi kuna mng'aro. Zamani mafundi walitumia lakiri, ile itokanayo na vidudu vya Bara Hindi. Waliiyeyusha kwa spiriti, wakaisugua kwa kitambaa tabaka juu ya tabaka, siku baada ya siku. Maseremala wetu wa samani wanaijua kazi hiyo na jasho lake. Siku hizi viwanda vingi hutumia poliesta: humwagwa au hupulizwa nene, ikapigwa msasa na kung'arishwa mpaka ukajiona uso kama kwenye kioo. Ni ngumu, lakini kila kidole huacha alama na kila mkwaruzo huonekana. Mimi ningechagua ile isiyometameta. Vumbi na vidole haviifedheheshi upesi, na taa haikurudii machoni. Ya mbao isikae dirishani, jua litaifubaza.

Hayo ni ya sanduku. Kuna rangi nyingine ambayo mnunuzi hakuulizwa kamwe: ya vibonyezo. Ni 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Vyeusi, katika piano bora, vilikuwa vya abunusi. Na vyeupe? Hapa ndipo twaingia sisi. Vilibandikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na pembe zilizosifiwa kwa ulaini zilitoka Afrika Mashariki, zikapitia Unguja. Zilibebwa mabegani kutoka bara, na wabebaji wengi walikuwa watumwa. Zikavuka bahari hadi Connecticut, kwenye vijiji viwili, Deep River na Ivoryton; hicho cha pili jina lake maana yake ni mji wa pembe. Huko zilikatwa, zikaanikwa juani chini ya vioo kwa wiki nyingi mpaka zikawa nyeupe pe. Sebuleni hakuna aliyeuliza weupe huo umetoka wapi.

Baadaye ikaja plastiki. Mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu, na mwaka huo huo Kenya ikachoma tani 12.

Lakini piano za kale zingalipo, na pembe ikifungiwa gizani hugeuka manjano. Ndiyo sababu wenyewe huziacha wazi mchana, kifuniko juu, ili pembe zile zipate mwanga.