Je, Wajua? Mbao Inaweza Kuipotosha Risasi

Je, wajua kwamba mvua inaweza kuiharibia bunduki shabaha? Mbao ya kitako hunywa unyevu, huvimba na kuusukuma mtutu. Mlengaji ni yuleyule, darubini ileile, risasi zilezile, lakini tundu linatokea kwingine kabisa!

Tena mbao haivimbi sawasawa. Mti wa jozi nyeusi wa Marekani, kipenzi cha watengeneza vitako, ukikauka kutoka ubichi hadi ukavu kabisa hupungua upana kwa karibu asilimia 8. Urefu je? Hata nusu asilimia haifiki.

Hebu shika hesabu hii. Mtutu una sentimita 60. Mdomo wake ukisogezwa milimita 1 tu, risasi itakosea kwa zaidi ya sentimita 16 katika umbali wa mita 100. Milimita moja, ndugu yangu!

Ndiyo maana ukimkuta mwindaji wa Marekani akipitisha noti ya dola chini ya mtutu, usimshangae. Noti hiyo ina unene wa milimita 0.11 hivi. Anaivuta kati ya chuma na mbao, kuanzia ncha ya mbele ya kitako hadi karibu na chemba. Ikikwama, hapo mbao inagusa, na hapo ndipo msasa utakapopita.

Na mtutu wenyewe hautulii hata kidogo. Baruti ikiwaka ndani ya bunduki ya .30-06, iliyoanza kutumika mwaka 1906, gesi husukuma kwa nguvu inayoweza kufikia mara 4,000 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Mtutu huanza kutetemeka risasi ikiwa bado imo ndani, na mbao inayougusa huuvuruga mtetemo huo. Kisha risasi inatoka, inakimbia zaidi ya mita 800 kwa sekunde na kujizungusha zaidi ya mara 3,000 katika sekunde hiyohiyo. Sauti hukimbia mita 340 tu, kwa hiyo mnyama hupigwa kabla mlio haujamfikia.

Sasa sikia dawa ya mbao inayousukuma mtutu, maana inatengenezwa nyumbani, kwenye meza ya gereji! Bunduki isiyo na risasi hata moja hufunguliwa, chuma kikatolewa kwenye mbao. Ndani ya mbao humwagwa malalio mapya: gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa chuma au wa alumini. Chuma hurudishwa juu yake gundi hiyo ingali mbichi, nayo ikikauka inabeba umbo la chuma hicho, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Unajua kinachozuia chuma kisigande humo milele? Kiwi ya viatu! Mafundi wengi wa nyumbani hupaka chuma chote kiwi au nta, kisha huziba kila tundu kwa plastisini, ule udongo laini ambao watoto hufinyangia. Tone moja la gundi likiingia kwenye tundu la skrubu na kukauka, chuma na mbao havitaachana kirahisi. Na vikigoma? Bunduki nzima hulazwa ndani ya friza usiku kucha. Chuma hujikunyata kwa baridi, kikaachia.

Kuna jino dogo la chuma chini ya chemba, na teke lote la bunduki hupitia hapo. Kabla ya kumwaga gundi, fundi hulivisha utepe mbele, chini na ubavuni, akauacha uso wa nyuma mtupu. Utepe ukibanduliwa, panabaki upenyo mwembamba kila upande, ila nyuma tu ndipo jino linapoegemea.

Hata majeshi yalifundishwa na mbao. Wadunguzi wa wanamaji wa Marekani walipelekwa Vietnam na bunduki ya M40, iliyoanza kazi mwaka 1966, kitako chake mbao. Unyevu wa msituni ulikipinda. Toleo lililofuata, M40A1, likapewa kitako cha faibaglasi.

Karibu na kwetu, je, wamjua W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa kuwinda Karamoja, Uganda? Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi nyembamba za milimita 7, wakati wenzake wakibeba bunduki nzito mno. Idadi hiyo inauma kuisoma leo, lakini siri yake ilikuwa moja: alijua ubongo wa tembo uko wapi, na bunduki yake ilipiga palepale alipoelekeza.

Na hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Mwaka 1973 Mac McMillan wa Marekani alipiga risasi 5 kutoka yadi 100, na zote zikaangukia nafasi ya inchi 0.009, yaani milimita 0.23, zikipimwa kati kwa kati. Hiyo haifiki theluthi ya unene wa kadi ya benki! Rekodi ikakaa miaka 40. Mwaka 2013 Mike Stinnett akaivunja kwa inchi 0.0077.

Una bunduki yenye leseni na imeanza kutawanya risasi? Usikimbilie kuilaumu darubini. Hakikisha chemba ni tupu, iangalie mara ya pili, kisha ipeleke kwa fundi mwenye kibali umwambie aanze na skrubu za kitako.