Saa ya Kujiundia na Gharama Isiyoonekana kwa Mbali

Anayejiundia saa ya mkononi kwa kufuata mtindo wa saa ya kifahari hudharauliwa na pande mbili. Wenye saa za asili humwona mwigaji, na mafundi saa humwona mtu aliyenunua vipande akavipachika tu. Lakini kazi hiyo, ikifanywa kwa uaminifu, humfundisha mtu jambo ambalo wanunuzi wengi wa saa za bei kubwa hawalijui: fedha yao inalipia nini hasa.

Tuchukue mfano unaoigwa mno, Royal Oak ya kampuni ya Audemars Piguet. Ilibuniwa na Gérald Genta na kuingia sokoni mwaka 1972 kwa faranga 3,300 za Uswisi, bei iliyozipita saa nyingi za dhahabu za wakati huo, ilhali yenyewe ilikuwa ya chuma cha pua. Bei hiyo haikutokana na usahihi wa kupima wakati. Desemba 1969 Seiko ya Japani ilikuwa imeshauza Astron, saa ya kwati (quartz) iliyokosea kwa takriban sekunde tano tu kwa mwezi, kiwango ambacho saa ya springi haikifikii. Wala haikutokana na kila kitu kutengenezwa chini ya paa moja, kwani mashine yake, namba 2121, asili yake ni Jaeger-LeCoultre. Mashine ya ukoo huohuo ilitiwa pia kwenye Nautilus ya Patek Philippe mwaka 1976 na kwenye 222 ya Vacheron Constantin mwaka 1977. Kwa hiyo wanaosema kwamba kupachika mashine ya mtu mwingine si kutengeneza saa wajue kuwa hoja yao inazigusa hata saa zinazoheshimiwa kuliko zote.

Basi tofauti iko wapi? Mwundaji wa nyumbani huigundua hatua kwa hatua. Kwa kawaida hununua mashine ya Kijapani ya NH35, yenye vito 24, inayopiga mara 21,600 kwa saa. Ile 2121 hupiga mara 19,800. Huizungusha hadi tarehe ibadilike, ndipo apachike mishale yote ikielekea kwenye 12, yaani saa sita usiku, akihakikisha haigusani. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Ugumu huanza kwenye unene: NH35 ina milimita 5.32, na 2121 ina 3.05. Zaidi ya milimita mbili zinazozidi hazifichiki, kwa hiyo ule wembamba uliokuwa roho ya mchoro wa Genta hutoweka. Kisha zinakuja skrubu nane za mbele. Kwenye saa ya asili vichwa vyake vina pembe sita na vimezama katika matundu ya pembe sita, haviwezi kuzunguka. Kinachokazwa ni upande wa nyuma, na ndiyo maana mifereji ya vichwa hukaa imelingana daima. Kwenye nakala rahisi huwekwa skrubu za kawaida, na kila moja huelekea inakotaka. Mwisho ni nyuso za chuma: zilizokwaruzwa kwa mistari myembamba hukutana na zilizong'arishwa kama kioo, na ukingo kati yake lazima ubaki mkali. Mkono ukiteleza kidogo tu, ukingo unakuwa mviringo na kazi imeharibika.

Pingamizi zito zaidi ni la uadilifu: je, huu si wizi wa ubunifu? Jina lina jibu rahisi. Anayeandika kwenye uso wa saa jina la kampuni isiyoitengeneza anaghushi, hata kama haiuzi, kwa sababu kila atakayeiona anadanganywa. Umbo lina utata zaidi, kwani sheria za nchi nyingi huweza kulilinda pia, na kunakili kila pembe kwa ajili ya biashara ni kujitafutia kesi. Ila kanuni iliyo nyuma ya umbo, mathalani mkanda unaochomoza moja kwa moja kutoka kwenye bodi la saa, haina mwenyewe: Patek Philippe na Vacheron Constantin waliitumia baada ya Audemars Piguet, kila mmoja akiwa na mchoro wake.

Wengine watauliza kwa nini mtu ahangaike wakati saa ya kwati ya bei ndogo itamshinda kwa usahihi. Ni kweli itamshinda. Kiwanda chenyewe huiruhusu NH35 kuchelewa hadi sekunde 20 au kuwahi hadi 40 kwa siku. Lakini saa ya kwati ya bei ndogo inaishinda Royal Oak pia, na hakuna anayeiita Royal Oak kazi bure. Zote mbili hupimwa kwa ustadi uliotiwa ndani yake. Anayeanza, basi, asitumie fedha yake kutafuta kufanana. Anunue mashine inayotengenezeka, bodi lililonyooka kingo na uso usio na jina la mtu, kisha muda wake autumie kwenye kusugua na kung'arisha chuma, mahali ambapo gharama ya kweli ya saa ya kifahari imejificha.