Gita na Vali Zake (Makala ya Nne): Sauti Safi na Sauti ya Mparuzo

Tangu Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipotangaza, mwishoni mwa mwaka 2022, kwamba vilabu vya usiku vilivyomo ndani ya mitaa ya makazi vitanyang'anywa leseni, habari ya kelele haijatoka vinywani mwa watu wa Donholm, na kila inapozuka upya vijana wapigao gita makanisani na katika bendi ndogo ndogo za mtaa huu huniuliza swali lile lile: je, mtu akaaye ghorofani, ambaye ukuta wake ndio ukuta wa jirani yake, anunue kikuza sauti kipi cha vali, kile cha sauti safi au kile cha mparuzo, ambao wao huuita ovadraivu? Wasomaji waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanazijua vali za mwanzo, zinazoipokea sauti dhaifu ya gita, na vali za mwisho, zinazoisukuma spika. Kwa hiyo sitarejea huko.

Mparuzo hutokea pale vali inapodaiwa nguvu kuliko inavyoweza kutoa: kilele cha wimbi la sauti hubanwa, tena kwa taratibu, wala si kukatwa ghafla kama ifanyavyo transista, na katika kubanwa huko huzaliwa sauti nyingine ambazo mpigaji hakuzipiga. Apigapo uzi mmoja, sauti hizo za ziada hupatana na ile ya asili, na sikio hufurahi. Lakini apigapo nyuzi mbili kwa pamoja, kila sauti huzaa na mwenziwe sauti za jumla na za tofauti, na hapo do na so, kwa kuwa uwiano wao ni 2 kwa 3, hubaki katika utulivu, ilhali do na mi huvurugika kama maji ya mto wakati wa masika. Ndiyo sababu wapigaji wa roki wa Ulaya na Marekani, wakishapandisha mparuzo, aghalabu hushika do na so peke yake, wakaiacha mi.

Msomaji na aikumbuke hiyo mi, maana ndiyo iliyobeba utamu wa gita la Afrika ya Mashariki na Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, katika jimbo la Katanga, akainasa sauti ya gita lake kavu, lililopigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, besi ikitembea chini na wimbo ukizunguka juu, na mtu aliyesikiliza santuri zile hawezi kudai kwamba kuna noti hata moja iliyomfichikia. Mwaka uliofuata Mbelgiji Bill Alexandre aliingia Léopoldville na gita la umeme, akirekodi katika studio ya CEFA, na wapigaji waliokuja nyuma yake, hata kuwafikia akina Franco na Docteur Nico, waliutumia umeme kuongeza nguvu ya sauti bila kuipunguzia usafi. Hapa Nairobi akina Fadhili William na Daudi Kabaka walifuata mwendo uo huo katika Equator Sound Band. Kisha wakaja ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka Tanga wakapitia Arusha kabla ya kuunda Simba Wanyika mwaka 1971. Na humo ndimo walimochipuka, mwaka 1978, Les Wanyika. Sikiliza "Sina Makosa": solo, rithimu na besi zimesukana kama ukili, na bado kila moja yasikika kwa nafsi yake; kama mojawapo ingalitiwa mparuzo, nyingine mbili zingalizama. Inanisikitisha mno kwamba kijana wa leo, mzaliwa wa mtaa ulio kando ya Barabara ya Jogoo, iliyoitwa Doonholm zama za wakoloni, aweza kukutajia vifaa vyote vya Jimi Hendrix ilhali hajui kwamba Profesa Omar Shabani ndiye aliyelishika gita la rithimu la Les Wanyika. Nimekwisha kusema, na leo nasema tena, kwamba vikuza sauti vya kale vilivyosalia katika kumbi za mitaa na maghala ya makanisa vikusanywe na kutengenezwa, visiuzwe kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Hata ng'ambo, usafi ndio uliotangulia. Leo Fender wa California alikusudia sauti safi, na Twin Reverb yake ya mwaka 1963, yenye vali nne za 6L6 na wati 85, hupigiwa mfano hadi leo. Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo huko Hanwell, London, alipotoa kikuza sauti chake mwaka 1962 aliinakili Bassman ya Fender, ila pale mwanzo iliwekwa vali ya ECC83, ambayo ukuzaji wake ni 100, badala ya 12AY7, ambayo haifiki nusu yake. Basi mparuzo ukawahi kutokea.

Sasa nijibu swali. Kijana mmoja alinipeleka nyumbani kwake, Phase 8, nikione kikuza sauti cha wati 100 chenye vali nne za EL34. Akafungua sauti kidogo, vioo vya dirisha vikatetemeka, naye akaniuliza, "Mzee, mbona hakingurumi?" Nikamwambia, "Mwanangu, hakijaanza hata kutoa jasho." Kukibadilisha kwa cha wati 50 kungempunguzia desibeli 3 tu, cha wati 5, chenye 6V6 moja, kingeparuza mapema, lakini hata hicho, kwa spika ya kawaida, hupita desibeli 100 umbali wa mita moja, ilhali kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu 35 usiku katika makazi. Kwa hiyo wa ghorofani achague chenye 6V6 mbili, wati 22 hivi, akipige kwa sauti ya chini, nacho kitabaki safi. Wa kanisani achague 6L6 mbili. Na mwenye kiu ya mparuzo anunue cha wati moja au chini ya hapo, akipige mchana.

Kikitoka Marekani, kitakuwa cha volti 120, nasi tuna 240: atangulize transifoma. Asikiwashe kamwe bila spika, maana transifoma ya kutolea sauti huungua. Wala asikifungue mwenyewe, kwani kapasita zake huweka volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na fundi ajuaye kazi huzimaliza kwanza umeme wake kabla ya kugusa chochote. Habari ya spika zenyewe itafuata katika makala ya tano.